Ukuta wa Chiefs una ufa, na anayeumia ni Mahomes

Kumbuka usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 10, 2025. Kama wewe ni mmoja wetu wachache tuliokuwa macho saa nane na nusu usiku, simu kwa chaji na bando inakaribia kukata, unajua ninachosema. Tuliamka kuona Kansas City Chiefs wakiandika historia. Hakuna timu iliyowahi kushinda Super Bowl tatu mfululizo, na hawa jamaa walikuwa tayari wamebeba mbili. Wengine najua waliamkia tu Kendrick Lamar, na hakuna ubaya. Lakini Kendrick akipanda jukwaani pale New Orleans, mechi ilikuwa imeshaisha. Philadelphia Eagles 24, Chiefs 0.

Matokeo ya mwisho yalikuwa 40-22. Usidanganywe na hizo 22, maana nyingi zilipatikana Eagles wakiwa tayari wanashangilia.

Asubuhi nikaingia mtandaoni nikakuta stori ni moja tu: Patrick Mahomes amekwisha. Ati amezeeka, ati anafikiria matangazo ya biashara kuliko kazi. Wasee, tusemezane ukweli. Mahomes hakupoteza ile mechi peke yake. Kuna wanaume watano waliopigwa mbele yake usiku kucha, na wengi wetu hatujui hata majina yao. Hao ndio nataka tuwaongelee leo, kwa sababu msimu wa 2025 ulipokaribia kuanza Septemba, tatizo lao lilikuwa bado halijapona.

Kama mchezo huu ni mgeni kwako, ni rahisi hivi. Kila timu ina watu 11 uwanjani. Upande wa ushambulizi kuna mrushaji, yule kwotabeki, ambaye ndiye staa. Mbele yake wanapangwa watu watano wazito: mmoja katikati, wawili kando yake, na wawili pembeni kabisa. Kazi yao si kushika mpira. Kazi yao ni kusimama kati ya mrushaji na majitu yanayotaka kumwangusha, wamnunulie sekunde mbili au tatu za kuona mwenzake yuko wapi. Wakimpa hizo sekunde, kesho gazeti litamsifu yeye. Wakishindwa, ataangushwa mpira ukiwa bado mkononi, na gazeti litamlaumu yeye.

Sasa fuata hesabu hii ya darasa la pili. Kwa kawaida, ukitaka kumsumbua mrushaji unaongeza watu wa kumkimbilia. Unatuma watano, unatuma sita, lakini huko nyuma unaacha mapengo, na mrushaji kama Mahomes anayaona mapengo hayo upesi. Usiku ule kocha wa ulinzi wa Eagles, Vic Fangio, hakuongeza mtu hata mara moja. Alituma wanne tu, mchezo mzima. Wanne dhidi ya watano, na wanne wakashinda. Kwa hivyo Eagles walibaki na watu saba wa kuwachunga wapokeaji ambao hawawezi kuzidi watano. Mahomes angemrushia nani? Aliangushwa mara sita. Kipindi chote cha kwanza Chiefs walisonga yadi 23 pekee, na mipira yake miwili ikanaswa na wapinzani, mmoja ukarudishwa hadi mwisho wa uwanja kuwa pointi. Hiyo si hadithi ya mrushaji aliyezeeka. Hiyo ni nyumba isiyo na ukuta.

Na si mara ya kwanza. Rudi nyuma hadi Februari 2021, fainali dhidi ya Tampa Bay. Chiefs waliingia bila walinzi wao wote wawili wa pembeni, Eric Fisher na Mitchell Schwartz, waliokuwa majeruhi. Mahomes alisumbuliwa mara 29, rekodi ya Super Bowl, na wakalimwa 31-9. Kila mtu alimwona akirusha mpira huku mwili ukielea hewani, karibu kulala chini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chiefs, nawapa heko, mwaka huo walijenga ukuta mzima. Walimsajili Joe Thuney kwa dola milioni 80 za miaka mitano. Wakamtoa Orlando Brown kule Baltimore. Wakachukua chipukizi wawili kutoka vyuoni, Creed Humphrey katika raundi ya pili na Trey Smith katika raundi ya sita. Matunda yakaonekana Februari 2023 dhidi ya hao hao Eagles, ambao msimu huo walikuwa wamewaangusha warushaji mara 70. Unajua walimwangusha Mahomes mara ngapi kwenye fainali? Sifuri. Chiefs wakashinda 38-35.

Halafu wakaanza kubomoa wenyewe, tofali moja moja. Brown, aliyekuwa akilinda pembeni kushoto, aliondoka 2023 kwenda Cincinnati. Nafasi hiyo si ya mchezo. Mrushaji wa mkono wa kulia akijiandaa kurusha, mgongo wake unaelekea kushoto, kwa hivyo mtu wa kushoto ndiye macho yake ya kisogoni. Tangu Brown aende, nafasi hiyo imekuwa kama kiti cha matatu, kila steji anakalia mtu mpya. Donovan Smith alikaa msimu mmoja. Msimu wa 2024 alianza Kingsley Suamataia, kijana wa mwaka wa kwanza, akatolewa wiki ya pili tu. Akaingia Wanya Morris. Akaletwa D.J. Humphries, akaumia msuli katika mechi yake ya kwanza. Mwishowe makocha wakamtoa Thuney kwenye nafasi yake ya ndani, ambako alikuwa miongoni mwa bora zaidi katika ligi nzima, wakampeleka pembeni.

Hapo ndipo nilikumbuka mjengo. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekataa kabisa, nilifanya kazi ya mtu wa mkono kwa miezi kadhaa. Ukiwahi kuwa mtu wa mkono unaijua hiyo maisha. Unachanganya simiti, unabeba mawe hadi ghorofa ya tatu, na nyumba ikiisha sifa zinamwendea fundi. Siku moja foreman akaamua kupunguza watu ili abaki na chapaa zaidi. Wawili wakaambiwa wasirudi. Kufikia saa nne fundi wetu mkali wa kona alikuwa ameshuka chini kujichanganyia simiti mwenyewe. Simiti ilichanganywa vibaya, kwa sababu hiyo haikuwa kazi yake. Na kona ikakaa bila fundi. Foreman alifikiri anaziba tundu moja, kumbe ametoboa mawili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Thuney. Pembeni alijikaza, lakini hana mikono mirefu ya watu wa kule. Na pale ndani alikotoka akawekwa Mike Caliendo, mchezaji wa akiba. Eagles hawakuhitaji ramani. Walijua ufa uko kushoto, wakapitia hapo.

Najua utaniambia, lakini Chiefs walimaliza msimu wa kawaida na ushindi 15 na vichapo viwili pekee. Ni kweli. Ila ziangalie hizo mechi tena. Walishinda nyingi kwa tofauti ndogo ndogo. Dhidi ya Denver mwezi Novemba 2024 waliponea 16-14 kwa sababu mkwaju wa mwisho wa wapinzani ulizuiwa kwa mkono. Na katika msimu huo huo wa kawaida Mahomes aliangushwa mara 36, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake ya kulipwa. Ushindi ulikuwa rangi mpya juu ya ukuta wenye ufa. Mvua ilinyesha Februari.

Kwa nini wasinunue tu walinzi wazuri? Kwanza, doo. Ligi ya NFL ina kikomo cha mishahara, na mwaka 2025 kila timu iliruhusiwa takribani dola milioni 279. Ukimlipa staa vizuri, lazima ubane mahali. Ndiyo maana mwezi Machi 2025 Chiefs walimuuza Thuney kwa Chicago Bears, wakaokoa kama dola milioni 16. Chicago nao walimchukua mbio, kwa sababu kijana wao Caleb Williams aliangushwa mara 68 katika msimu wake wa kwanza. Sitini na nane, manze! Mtu anayekula mweleka hivyo anajua thamani ya ukuta.

Pili, walinzi wazuri ni adimu. Vyuo vingi Marekani sasa vinacheza mtindo wa kasi, mpira unatoka mkononi upesi, kwa hivyo vijana wanafika ligi kuu bila kuzoea kushikilia mtu kwa sekunde tatu nzima. Tena makubaliano ya wachezaji na wenye timu ya mwaka 2011 yalipunguza mazoezi ya kugongana, yakabaki 14 pekee kwa msimu. Kwa afya ya wachezaji hilo ni jambo jema. Lakini kazi ya ukuta hujifunzi kwa kutazama video. Unajifunza kwa kugongwa.

Na usifikiri hili ni tatizo la Mahomes peke yake. Muulize Joe Burrow wa Cincinnati. Goti lake liliharibika 2020, mwaka wake wa kwanza. Alipofika Super Bowl ya Februari 2022 aliangushwa mara saba, wakashindwa. Kipaji unacho, lakini huwezi kurusha mpira ukiwa mgongoni.

Sasa tazama Eagles wenyewe. Pembeni kushoto wana Jordan Mailata, Mwaustralia mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili na uzani wa zaidi ya kilo 160. Jamaa alikuwa mchezaji wa raga. Walimchukua 2018 raundi ya saba, ya mwisho kabisa, wakamfundisha kwa subira. Mekhi Becton alikuwa amekataliwa New York, wakamhamisha nafasi, akawa mtu. Nyuma ya watu hao Saquon Barkley alikimbia yadi 2,005 msimu wa 2024. Barkley ni moto, hakuna ubishi. Lakini alikuwa Barkley yule yule alipokuwa New York Giants, na hakuwahi kufika huko.

Stori ya Mailata inatugusa hata huku. Mkenya wetu Daniel Adongo alitoka kwa raga akaingia Indianapolis Colts 2013 bila kuwahi kucheza mchezo huo, na mwaka 2023 NFL ilileta kambi yake ya vipaji hapa Nairobi. Kila kijana huenda huko akiota kuwa mrushaji. Kama una mwili na unasukuma skramu shuleni, mlango wako uko kwa wale watano.

Turudi Kansas City. Mwaka 2025 walifanya nini? Mwezi Julai walimpa Trey Smith mkataba wa miaka minne wa dola milioni 94, zaidi ya Sh12 bilioni, na kumfanya mlinzi anayelipwa zaidi katika nafasi yake. Humphrey yuko katikati. Hapo ukuta ni mawe ya kuchonga. Kulia pembeni alikuwepo Jawaan Taylor, mwenye nguvu ila hakuisha kurushiwa kitambaa cha njano na marefa. Wasiwasi wangu ulikuwa kule kule kushoto. Walimchukua chipukizi Josh Simmons kwa nafasi ya 32, kipaji kikubwa, lakini goti lake lilichanika Oktoba 2024 akiwa chuoni. Walimsajili Jaylon Moore, ambaye San Francisco alikuwa wa akiba. Na pale alipokuwa Thuney walimtaka Suamataia, yule yule aliyetolewa wiki ya pili. Kwa ufupi, upande ulioporomoka Februari ulikuwa ushikwe na vijana wawili bega kwa bega, mmoja akitoka upasuaji na mwingine akitafuta kujiamini.

Ingeweza kufaulu. Simmons akiwa mzima, huenda wakawa wamepata mtu wa miaka kumi. Lakini Mahomes alikuwa anafikisha miaka 30 Septemba 2025, na Travis Kelce 36 mwezi uliofuata. Muda wa kusubiri vijana wakomae si mrefu. Na mwili wa binadamu una idadi ya mieleka unayoweza kubeba. Akiumia yeye, hakuna mkataba wa dola utakaowaokoa.

Mechi ya kwanza ya msimu wa 2025 ilikuwa dhidi ya Los Angeles Chargers kule São Paulo, Brazil. Kwetu ilikuwa Jumamosi, Septemba 6, saa tisa usiku. Chargers nao mwezi Agosti walikuwa wamempoteza mlinzi wao wa kushoto, Rashawn Slater, aliyeumia goti mazoezini siku chache baada ya kusaini mkataba mnono. Kwa hivyo pande zote mbili kushoto kulinuka moshi.

Ukiamka tena kuwatazama, nakuomba kitu kimoja. Kwa dakika kumi za kwanza usiufuate mpira. Mwangalie mtu wa kushoto kabisa wa Chiefs, na yule aliye kando yake. Hesabu sekunde: moja, mbili, tatu. Ukifika tatu na Mahomes bado amesimama wima, jikunje kwa blanketi, msimu utakuwa mtamu. Ukifika mbili na ameshakimbia, zima simu ulale, maana utakuwa umeshajua mwisho wake.