Maneno ya Chuoni Katika Kanisa la Chepseon

Sisi watu wa pwani tuna tabia moja, na heri niiseme mimi kabla hajaisema mgeni. Jambo likiwa la kanisa, twasema hilo ni la watu wa bara, kisha twageuza uso. Wajukuu zetu wakituuliza dini ya Kikristo iliingiaje nchi hii, jibu letu ni moja: ililetwa na Mzungu. Basi, maneno yamekwisha, na kahawa iletwe.

Nami nilikuwa katika hao. Chuoni nilimaliza msahafu, nikafundishwa na sira, na ilipofika zamu ya skuli mwalimu wa historia alitusomesha habari za Vasco da Gama akatuacha hapo hapo. Umri wangu umepita hamsini, na mpaka juzi nilikuwa sijapata kulifikiri jambo hili kwa makini. Lililonifikirisha ni mazishi.

Alifariki rafiki yangu, Mkipsigis wa Chepseon, aliyekuwa dereva wa gari la magazeti kwa miaka mingi. Akifika Mombasa alikuwa halali hotelini, alilala kwangu. Futari amekula nasi zaidi ya Ramadhani moja, na alikuwa akinikosoa mashairi yangu kana kwamba yeye ndiye aliyezaliwa Kibokoni. Nilipopata habari nilifunga safari, nikamchukua na mtoto wa ndugu yangu, kijana aliyesoma dini kunishinda mimi.

Chepseon iko kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Kericho, ukishaipita njia panda ya Londiani. Ni mji mdogo wa sokoni: maduka pande mbili za barabara, magunia ya viazi, kabichi, maziwa yakipakiwa, na nyuma yake vilima vya mahindi na majani chai. Baridi yake si ya kuvumilika kwa mtu wa kanzu. Maiti ilipitishwa kanisani kwanza ndipo iende kuzikwa shambani kwake. Mjane akatujia mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Shemeji, karibuni ndani, mmewekewa nafasi mbele." Kijana wangu akaninong'oneza, "Ami, mimi siingii." Nikatazama mlango, nikamtazama yeye, nikamwambia mjane tutakaa hapo nje kwenye benchi, chini ya dirisha. Mjane hakusema neno. Alikwenda zake ndani.

Kwa hiyo ibada ile niliisikia, sikuiona. Na kwa kuwa soko lile lina Wakipsigis, Wakisii, Wakikuyu na Waluhya, na wengine wazazi wao waliletwa na kazi ya kuchuma chai, ibada ilikuwa kwa Kiswahili. Ndugu msomaji, yapime maneno niliyoyasikia kupitia dirisha lile: imani, toba, dhambi, rehema, baraka, sadaka, malaika, nabii, shetani, roho, madhabahu, Injili, Mwenyezi Mungu. Hata hilo jina la nyumba yenyewe, kanisa, ni la Kiarabu. Nilihisi kama mtu aliyepita mtaa wa ugenini akasikia vyombo vya jikoni kwa mamake vikigongana. Maneno haya yote nimeyaokota chuoni, nimekaa juu ya mkeka. Ni nani aliyeyachukua mpaka Chepseon?

Jibu la "Mzungu" halitoshi. Mzungu wa kwanza aliyekuja na msalaba pwani hii alikuwa Mreno, naye aliondoka hakuacha neno moja la ibada katika ndimi zetu. Padre Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Bara Hindi. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa 1593. Mwana wa mfalme wetu, Yusuf bin Hasan, alichukuliwa Goa akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwaka 1631 akawageukia Wareno ngomeni, akaurudia Uislamu. Kanisa lile lilikaa nyuma ya mizinga, na mizinga ilipokwenda nalo likaenda. Kutoka kwa Wareno tulipata maneno kama meza, leso na gereza, lakini la sala hata moja sikumbuki.

Aliyekuja baadaye alikuja kwa njia nyingine. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844 akitoka Uhabeshi, alikokuwa amefukuzwa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo mkewe Rosine alikufa kwa homa pamoja na kitoto kichanga. Kaburi liko Nyali mpaka leo, na wengi wetu twapita karibu nalo tukienda kula upepo. Lakini kabla ya msiba ule, mwezi wa Juni, Krapf alikuwa amekwisha anza kukitia Kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Na ni nani aliyekaa naye, akimsahihisha? Ni Sheikh Ali bin Muhiddin, mtu wa asili ya Barawa, kadhi wa Mombasa. Kadhi, wasomaji wangu! Sura za mwanzo za tafsiri ile zilikwenda kuchapishwa Marekani.

Sheikh yule hakuacha dini yake, wala Krapf hakuiacha ya kwake. Walikaa wakatafuta neno la hili na lile, na kwa kuwa habari za kuumbwa kwa mbingu na ardhi na za Nabii Adamu zilikuwa zikisomwa Mombasa karne nyingi, maneno yalikuwa yapo. Unguja mambo yalikuwa hayo hayo. Askofu Edward Steere, aliyeweka kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, alikijua Kiswahili kwa kukaa na masheikh na waandishi wa mji, na shukrani zake kwao amezichapisha mwenyewe. Na sisi washairi tuna deni la namna yake: tungo nyingi za Muyaka bin Haji tunazozijivunia zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alizikusanya akishirikiana na padre mmoja wa Mombasa, W. E. Taylor. Kama si wawili hao, leo tungekuwa na jina la Muyaka na vipande vichache.

Hapa lakini nataka nisimame, maana kuna jambo tusilopenda kulitaja. Waumini wa mwanzo wa makanisa ya pwani walikuwa nani? Wamijikenda kidogo, lakini wengi walikuwa watu waliotolewa utumwani. Freretown, pale Kisauni, ilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili yao. Rabai ilijaa watoro waliokimbia mashamba ya Mombasa na Malindi, mashamba ya babu zetu, mpaka mwanzoni mwa 1889 kampuni ya Waingereza ya IBEA ikawalipa wenyewe fidia ili watoro wale, zaidi ya elfu moja, wapewe vyeti vya uhuru. Tukisema kanisa lililetwa na Mzungu tu, tunaruka sura hii. Mzungu alifungua mlango, lakini aliyewasukuma watu wale kuuingia ni sisi. Na wao, wasemaji wa Kiyao, Kinyasa na Kimakua, hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili walichokipata majumbani mwetu. Ndicho walichosomea na kuhubiria.

Basi rudi nami bara. Oktoba 1895 lilishuka Mombasa kundi dogo la Wamarekani la Africa Inland Mission, likiongozwa na Peter Cameron Scott, likapanda Ukambani. Scott alikufa mwaka uliofuata. Mmoja katika kundi lile alikuwa Willis Hotchkiss, naye ameandika kisa ambacho mtu wa lugha hawezi kukisahau: alikaa na Wakamba zaidi ya miaka miwili akilitafuta neno moja tu katika lugha yao, neno la "mwokozi", asilipate, mpaka usiku mmoja akamsikia mtu akisimulia jinsi mwenzake alivyookolewa kutoka kwa simba. Krapf alipata kadhi, Hotchkiss alipata simba. Ndiyo tofauti ya pwani na bara kwa miaka ile.

Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, Hotchkiss alirudi na wenzake wa madhehebu ya Marafiki, wakafungua Kaimosi mwaka 1902. Miaka mitatu baadaye akaja kwa Wakipsigis, ambao wageni walikuwa wakiwaita Walumbwa, akaanzisha misheni yake Chagaik, upande wa Kericho katika barabara hiyo hiyo ya Chepseon. Ilikuwa misheni ya kazi za mikono: plau ya ng'ombe, mbegu za mahindi, kinu cha kusagia kinachoendeshwa na maji. Wakipsigis walikuwa wakimwomba Asis na Cheptalel kabla jua halijapanda, na hawakuwa na haraka ya kubadilisha. Plau waliikubali kwanza. Kazi ya Tenwek, kule Bomet, iliyotokana na misheni hii, ilichukuliwa miaka ya 1930 na Wamarekani wengine wa World Gospel Mission, ndiko lilikotoka Africa Gospel Church lililoenea wilaya zile zote. Africa Inland walikuwa Litein. Wakatoliki nao wakaja, na kanisa lao kuu la Kericho, lililozinduliwa mwaka 2015, laonekana kutoka mbali kwa paa lake.

Wala nisifiche upande wa pili. Miaka ile ile ardhi nzuri ya Wakipsigis ilikuwa ikichukuliwa, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikapanda majani chai juu yake. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu Watalai, ukoo wa viongozi wa dua na uaguzi, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, na huko walikaa karibu miaka thelathini. Mtu wa Chepseon akikuambia kwamba kanisa lilimpa babu yake kitabu na serikali ikamnyang'anya malisho, usimkatize.

Wafanyakazi wa mashamba ya chai walipokuja kutoka kila pembe, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Biblia nzima ya Kiunguja ilikuwa imechapwa tangu 1891, na ile iliyounganisha Mvita na Unguja ikatoka 1952. Ndivyo maneno yale yalivyofika dirishani pale: kutoka mkeka wa chuo, kwa kadhi, kwa mtoro wa Rabai, kwa mchuma chai.

Na kabla ya chuo je? Hapo ndipo mambo yanapopendeza. Wataalamu wa lugha wanasema neno Injili limetoka katika Kiyunani cha makanisa ya mwanzo, na wengi wao waona lilipita Uhabeshi kabla halijafika Uarabuni. Huko Uhabeshi kanisa lilianza karne ya nne, mfalme Ezana alipoikubali imani ya Frumentius, kijana wa Sham aliyetekwa akakulia katika nyumba ya mfalme. Ni ufalme huo huo wa Najashi, waliokimbilia masahaba mwaka 615, Jaafar bin Abi Talib akamsomea mfalme Surat Maryam mpaka akalia. Hayo kila mtoto wa chuo anayajua. Na mfasiri mmoja baada ya mwingine amesema ule mji wa Surat Yasin ni Antiokia, mji ambako, kwa mujibu wa vitabu vyao, wafuasi wa Nabii Isa waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Yasin tunaisoma kila tukizika. Historia ya makanisa ya mwanzo tunayo majumbani, ila hatujaiita kwa jina lake.

Ndiyo maana nasema mashuleni na vyuoni kwetu pwani hadithi hii isomeshwe, ya Sheikh Ali na Krapf, ya Rabai na fidia yake, bila haya na bila majigambo. Na wale wetu wanaocheka Kiswahili cha kanisani kwamba ni cha bara, wakasikilize kwanza.

Tukiwa kwenye benchi kijana wangu alinikumbusha kisa cha Sayyidna Umar, kwamba alipoifungua Baitul Mukaddas alikataa kusali ndani ya kanisa la Wakristo. Ni kweli, nikamwambia, alichelea Waislamu wasije wakalitwaa baada yake. Lakini ilivyosimuliwa ni kwamba alikuwa amekwisha ingia ndani na kukaa, wakati wa sala ndio uliomtoa. Sitoi fatwa, mimi ni mtunga mashairi. Kijana akanyamaza, nami nikanyamaza, kwani hoja ilikuwa yangu na benchi nilikuwa nimelikalia mimi.

Baada ya kuzika tulikaribishwa chakula: ugali, sukuma wiki, na nyama ya mbuzi katika sahani iliyofunikwa peke yake. Kijana akaniangalia. Kabla sijauliza, mjane alisema mbuzi yule kachinjwa alfajiri na Msomali mwenye duka pale sokoni, ambaye walimwendea usiku kumwomba. Marehemu alikuwa amewaambia zamani kwamba siku watu wa Mombasa wakija, wasile kwa mashaka. Akatushikia birika tunawe mikono. Benchi letu walikuwa wamelileta kutoka kanisani, wakatuwekea tukalie.