WAHANDISI NA WATU WA GENGI



Chama cha Wahandisi wa Kenya kilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2022 kilitimiza miaka 50. Sisi wa reli hapa Mahoo twakipa hongera.

Lakini tukumbushane. Reli ya kutoka Voi kuja Taveta ilijengwa wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, mwaka 1915 na 1916. Wahandisi walipima njia. Mataruma yalibebwa na mikono ya watu. Hata leo, mvua ikichukua kokoto chini ya reli, wa kwanza kuona ni mtu wa gengi.

Kijana atokaye chuo kikuu hufanya kazi kwanza chini ya mhandisi mkubwa, ndipo aandikishwe. Ni vema. Basi kwa miaka 50 ijayo twaomba mawili. Sehemu ya mafunzo hayo aifanye njiani, pamoja na gengi. Na mtu wa gengi akisema daraja lina ufa, neno lake liandikwe kitabuni, kwa jina lake, lisipuuzwe kwa kuwa hana cheti.

Elimu ya chuo na elimu ya njiani zikishikana, treni itafika salama. Umoja ni nguvu.