Kiswahili kisomeke katika kila tarakilishi

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na karatasi aliyoichapisha katika saiba moja karibu na Ndia Kuu, Mji wa Kale. Yalikuwa makala kuhusu majina ya wanyama katika Kimvita, na kila palipostahili kuwa na neno ng'ombe, karatasi ilisomeka "ngâ€™ombe". Aliniuliza, kwa adabu zake zote, iwapo hiyo ilikuwa lahaja asiyoijua. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani makala hayo niliyaandika mimi mwenyewe, na katika tarakilishi yangu hayakuwa na dosari yoyote.

Kosa lilikuwa la ritifaa. Msomaji asiyeshughulika na mambo haya huenda akadhani ritifaa ni moja tu, kumbe ziko zaidi ya moja. Ipo ile iliyosimama wima, tuliyoirithi kutoka kwa taipureta na ambayo ilipewa nafasi yake katika orodha ya ASCII mwaka 1963. Ipo pia iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hujiwekea zenyewe bila kumwomba mwandishi ruhusa. Katika miaka ya 1990 hiyo iliyopinda ilikuwa na nambari 146 katika mashine za Windows na nambari 213 katika zile za Macintosh. Kwenye Windows, nambari 213 ni ya herufi Õ. Basi ng'ombe wa Macintosh alipofunguliwa katika Windows bila kugeuzwa nambari zake, aligeuka "ngÕombe".

Mfumo wa Unicode, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ulikusudiwa kuumaliza mkanganyo huu kwa kuipa kila alama nambari yake isiyobadilika duniani kote. Lakini katika UTF-8, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuzihifadhi nambari hizo, ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu. Kivinjari kisichoambiwa kwamba ukurasa umeandikwa kwa UTF-8 chaweza kuzisoma baiti hizo kama herufi tatu mbalimbali. Hizo ndizo â, € na ™ alizoziona mwanafunzi wangu. Kebo za SEACOM na TEAMS, zilizofika Mombasa mwaka 2009, zilituletea kasi, hazikutuletea uangalifu.

Yamkini atatokea wa kusema kwamba hili ni jambo dogo. Kwa Mwingereza huenda likawa dogo, maana akiikosa ritifaa yake hukisia na kuendelea. Kwetu sisi ritifaa ni sehemu ya herufi. Ngoa ni wivu au tamaa. Ng'oa ni kuondoa kitu na mizizi yake. Na kwa anayeandika Kimvita mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa lahaja hii hutenganisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni kwa mpumuo wa sauti ya kwanza, na wataalamu wa lahaja huuonyesha mpumuo huo kwa alama iyo hiyo. Isitoshe, baadhi ya programu hukata neno penye ritifaa, zikahesabu "ng" kuwa neno na "ombe" kuwa neno jingine. Mtafiti anayetegemea hesabu hizo atatuletea kamusi ya maajabu.

Mji huu unaijua gharama ya usanifishaji. Ni hapa Mombasa, mwaka 1928, ambapo mkutano uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa kando pamoja na hiyo mipumuo yake. Kwa hiyo siwezi kuungana na wanaotaka kila tovuti ionekane sawasawa katika kila mashine, hadi upana wa mistari na rangi ya pambizo. Tamaa hiyo ndiyo iliyozaa yale matangazo ya miaka ya 1990 yaliyomwamuru msomaji atumie Netscape, au Internet Explorer, ndipo ukurasa usomeke vyema. Hayo yalikuwa matusi kwa msomaji. Mfumo wa CSS, uliopitishwa Desemba 1996 na W3C, ulitenganisha maandishi na mavazi yake, na hapo ndipo penye busara: mavazi yabadilike kwa kadiri ya mashine, ilhali matini ibaki ile ile.

Tatizo ni kwamba katika ushairi mavazi na mwili havitenganishwi kwa urahisi. Tazama shairi la mizani 16, ukwapi 8 na utao 8. Kwenye skrini pana limekaa vyema. Kwenye simu, ambako wanafunzi wetu wengi husomea, mshororo huvunjika katika mizani ya 11 au ya 12, kina cha kati kikapotea katikati ya mstari, na tarbia ikaonekana ina mishororo minane. Nimesahihisha kazi za wanafunzi walioihesabu minane, nami sikuwa na moyo wa kuwakata alama. Dawa ipo: mwandalizi wa ukurasa aweza kuagiza kwamba, pakikosekana nafasi, mshororo uvunjike baina ya ukwapi na utao tu. Ni kazi ya dakika chache, lakini aifanyaye lazima awe anajua ukwapi ni nini.

Maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu yamo katika hali ngumu zaidi. Tungo za Muyaka bin Haji zilizohifadhiwa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua ziliandikwa kwa hati hizo, na mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa na P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya kuziandaa hati hizo kwa Kiswahili, wakiutegemea usemi wa mji huu. Herufi ya Kiarabu hubadili umbo kufuatana na mahali ilipo katika neno. Programu za zamani ziliitenga kila herufi peke yake, pengine zikaanzia kushoto. Vivinjari vya leo huziunganisha vyema, ila fonti isiyo na herufi ya p au ya v huacha kisanduku kitupu.

Wenzangu wengi hukimbilia picha: hupiga ukurasa picha wakaiweka mtandaoni, nayo huonekana vile vile kila mahali. Nami nimefanya hivyo. Lakini picha haitafutiki neno, programu inayomsomea kipofu haiwezi kuitegemea, na hula bando la mwanafunzi. Picha ya mswada ni amana, sikatai. Iwekwe, na matini iandamane nayo.

Makala yangu nimeyarekebisha. Nimetangaza UTF-8 mwanzoni mwa ukurasa na kuitambulisha lugha kuwa Kiswahili, kisha nikamrudisha mwanafunzi yule katika saiba ile ile. Ng'ombe sasa ni mzima, na p'aa pia. Alipoyafungua makala hayo kwa simu yake, beti nilizozitaja mwishoni bado zilikuwa zimevunjika pasipofaa.