Kiingereza: Tusimhukumu mwenzetu kwa neno dogo



Katika Kiingereza kuna vitenzi vidogo vinavyosumbua darasa zima: can, could, may, might, must, shall, should, will, would. Ni 9 tu. Mwalimu anaviandika ubaoni, tunavinakili katika daftari, kila kimoja na maana yake pembeni. Kiisha inakuja siku ya maulizo, na vyote vinachanganyika. Sisi tunaona shida haiko katika kichwa cha mwanafunzi. Iko katika namna ya kujizoeza.

Tena hatuko peke yetu. Katika Afrika yetu iko nchi moja inayosomesha watoto wake kwa Kihispania: Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Jirani zake Kameruni na Nijeria wanatumia Kiingereza. Basi mwanafunzi wa Malabo ao wa Bata anaingia katika Kiingereza kwa mlango wa Kihispania, sawa vile sisi tunaingia kwa mlango wa Kifaransa. Lugha hizi mbili ni watoto wa Kilatini, na mitego yao ni karibu ileile.

Mtego wa kwanza ni umbo. Mhispania anasema debo, debes, debe. Mfaransa anasema je dois, tu dois, il doit. Kitenzi kinageuka kufuatana na mtu. Lakini must haigeuki hata kidogo: I must, he must, they must. Tena Kihispania kina tener que, na ile que inamvuta mwanafunzi aweke kitu katikati, aandike «must to go». Hapana! Ni must go, bila kitu katikati. Hata katika wakati uliopita, have inabaki have: she must have gone, si «she must has gone».

Mtego huu ni mwepesi, mazoezi ya juma mbili yanaushinda. Mtego wa pili ndio mbaya, kwani unagusa maana. Kwa Kifaransa tunasema il a dû partir. Ni kusema nini? Ilimpasa aondoke? Ao tunakisia tu kwamba ameondoka? Ni yote mawili. Kihispania vilevile: watu wengi hutumia debió salir kwa maana zote mbili. Lakini Kiingereza kinatenga: he had to leave, ilimpasa aondoke, he must have left, bila shaka atakuwa ameondoka. Na kumbe Kiswahili chetu kinatenga pia! Mwanafunzi anayepitia Kifaransa peke yake anakutana na ukungu, na njia ya Kiswahili iko wazi mbele yake.

Wengine watauliza: kuna ubaya gani mtu akikosea hapo? Si ni namba mbili tu zinapotea? Tuchukue mfano. Kamusi ya darasa haionekani kabatini, na watu wanataja jina la mwanafunzi mmoja. Sikilizeni sentensi hizi:

He might have taken it. Labda ameikamata, labda sivyo.
He must have taken it. Msemaji hakuona kitu, lakini kwa kufuata alama anakata kwamba ni yeye.
He can't have taken it. Haiwezekani awe yeye. Pengine siku ile alikuwa safarini.
He shouldn't have taken it. Hapa shauri limekwisha: ameikamata, na amefanya vibaya.

Mwaona? Kutoka sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho, mtu ametoka katika mashaka akafika katika hukumu, na neno lililogeuka ni dogo kabisa. Yule asiyejua tofauti anaweza kumwita mwenzake mwizi wakati alitaka kusema «labda». Hiyo si namba mbili, ni jina la mtu.

Kukana pia kuna hatari yake. Kinyume cha kawaida cha must have ya kukisia ni can't have. Tena you must not go ni katazo: usiende. Lakini you don't have to go ni ruhusa: si lazima uende, ukipenda nenda. Mhispania naye anatenga no debes na no tienes que, basi akianzia hapo hapotei. Sisi tuko na «usiende» na «si lazima uende». Kwa nini tusianzie hapo?

Kuna wanaosema kwamba katika kipindi cha Kiingereza lugha nyingine zote zibaki inje ya mlango. Tunawaelewa, kwani mtu anayetafsiri neno kwa neno huzaa kitu kisichosemwa na mtu yeyote. Lakini kutafsiri neno ni jambo moja, kuuliza maana ni jambo lingine. Kabla ya kuandika, tujiulize kwa Kiswahili: ninajua, ninakisia, ninalaumu, ao ninakataza? Tukisha kujibu, neno la Kiingereza linakuja lenyewe.

Kwa hiyo tunaomba mazoezi yabadilike. Zoezi la kujaza nafasi lina kazi yake, lakini peke yake halitoshi, kwa maana katika sentensi moja iliyokatwa maneno mawili ao matatu yanaweza kuingia na yote yakawa sahihi. Afazali kuchukua jambo moja, kama mvua iliyonyesha usiku ao mgeni aliyechelewa, kisha kusema sentensi tano juu ya jambo lilelile, na wenzetu waseme kila moja ina uhakika kiasi gani. Tufanye kwa mdomo kwanza, wawili wawili, kiisha tuandike. Dakika kumi kila juma zinatosha, na hata karatasi haihitajiki.

Mtihani wa Serikali utapita, lakini kinywa kitabaki. Atakayejifunza kupima might na must katika Kiingereza atapima pia maneno yake katika Kifaransa na katika Kiswahili, kabla ya kumnyoshea mwenzake kidole.