Riba imeshuka, mbona Kisii pesa bado hazionekani?

Kama uko Kisii mjini, Keroka au Nyamira na unawazia kuchukua mkopo ili uanzishe biashara, kuna habari mbili zinazokuhusu. Ya kwanza ni kwamba riba imeshuka. Ya pili unaijua bila kuambiwa: wateja hawana pesa.

Zote mbili ni za kweli, na zinatoka chungu kimoja.

Turudi nyuma kidogo. Januari 2024, dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa zaidi ya Sh160. Kila mtu alikuwa akijiuliza kama Kenya ingeweza kulipa deni la dola bilioni mbili la Eurobond lililokuwa likiiva Juni mwaka huo. Februari, Benki Kuu ya Kenya (CBK) chini ya Gavana Kamau Thugge ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13. Mwezi huo huo, serikali ikakopa upya nje ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo mapema.

Dawa ilifanya kazi. Shilingi ilipata nguvu, na tangu katikati ya 2024 imekwama karibu Sh129 kwa dola. Mfumuko wa bei nao ukatulia. CBK ikaanza kulegeza kamba Agosti 2024, na kufikia Desemba 2025 ilikuwa imepunguza riba mara tisa mfululizo, hadi asilimia 9.

Benki za kawaida zilifuata, ila kwa mwendo wa kobe. Mwisho wa 2024 wastani wa riba ya mikopo ulikuwa takriban asilimia 17. Mwaka mmoja baadaye ulikuwa karibu asilimia 15. Yaani CBK imeshusha pointi nne, wewe umepata mbili.

Sasa njoo nyumbani. Ukitoka Kisii kuelekea Kebirigo au Nyansiongo, pande zote ni majani chai. Chai hiyo ikishasindikwa, nyingi hupelekwa Mombasa na kuuzwa mnadani kwa dola. Mkulima yeye hulipwa kwa shilingi: malipo kidogo kila mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2024, dola moja ilikuwa na wastani wa takriban Sh144. Mwaka uliofuata wastani ulikuwa Sh129. Tuseme kilo moja ya chai iliyokaushwa iliuzwa dola mbili miaka yote miwili. Mwaka wa kwanza ingeleta Sh288, wa pili Sh258. Sh30 zimepotea bila mtu kuiba hata jani moja.

Kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na ushei za majani mabichi. Kwa hivyo kila kilo aliyochuma mkulima ilipungukiwa na karibu Sh7. Mama anayepeleka kilo 3,000 kwa mwaka amepoteza takriban Sh20,000.

Linganisha na faida ya riba. Kijana wake akikopa Sh100,000 kwa mwaka, tofauti ya asilimia 17 na 15 haizidi Sh2,000. Riba imempa kijana elfu mbili, shilingi imemnyima mamake elfu ishirini. Na ni mamake ambaye angenunua viatu, simu na sare za shule kwenye duka ambalo kijana anataka kufungua.

Bila shaka shilingi si mkosaji pekee. Bonasi ya 2025 ilipotangazwa, wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, Kisii na Nyamira wakiwemo, walipata kidogo sana kuliko wenzao wa mashariki, na hasira zikafurika. Ubora wa majani, gharama za viwanda, mikopo ya viwanda hivyo na usimamizi wake ni maswali halali ambayo hayapaswi kufichwa nyuma ya dola. Lakini hata kiwanda chenye usimamizi safi kingeumizwa na shilingi hiyo.

Tuwe wakweli pia kuhusu upande wa pili. Petroli iliyofika Sh217 kwa lita jijini Nairobi Oktoba 2023 ilikuwa takriban Sh185 mwisho wa 2025. Mwanabodaboda wa Suneka analijua hilo kila anapojaza tangi. Mitumba, vipuri na mbolea pia huagizwa kwa dola. Shilingi yenye nguvu inasaidia anayenunua vya nje na kumbana anayeuza nje. Kisii na Nyamira tuko na wote wawili, mara nyingi ndani ya boma moja.

Halafu kuna siasa.

Juni 2024 vijana walijaa barabarani, Kisii ikiwemo, kupinga Mswada wa Fedha. Rais Ruto aliukataa mswada huo mnamo Juni 26, na serikali ikakosa kodi iliyokuwa imepangia. Wiki mbili hazikuisha kabla ya shirika la Moody's kuishusha Kenya daraja la ukopaji. Hiyo haimaanishi vijana walikosea. Inamaanisha tu kwamba pengo la bajeti lilibaki, na pengo hilo huzibwa kwa kukopa. Wakati huo hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Benki gani ingehangaika na muuza chinsaga wa Daraja Mbili wakati serikali inalipa hivyo bila kukimbiwa?

Kufikia mwisho wa 2025, hati hizo zilikuwa zikilipa chini ya asilimia 8. Ndiyo sababu benki zimeanza tena kukutafuta kwa simu.

Swali ni hali hiyo itadumu hadi lini. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Gusii safari hii ina mgombea wake, Fred Matiang'i wa Borabu, kwa hivyo joto litapanda mapema. Nyamira, madiwani wamejaribu zaidi ya mara moja kumng'oa Gavana Amos Nyaribo. Msambazaji anayesubiri malipo ya kaunti anajua kwamba wakubwa wakivutana, karatasi yake hulala kwenye droo.

Kumbukumbu pia tunazo. Uchumi wa Kenya uliporomoka kutoka ukuaji wa karibu asilimia 7 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Mpakani mwa Borabu na Sotik, watu walipoteza mali na makao. Si lazima yajirudie, lakini mwenye pesa hukumbuka, na uchaguzi ukikaribia husubiri kwanza aone.

Sasa ukope au usikope? Jibu liko kwenye mambo matatu.

Kwanza, anayekulipa analipwa na nani? Kama wateja wako hutegemea bonasi, usipange marejesho kana kwamba bonasi huja kila mwezi.

Pili, uliza benki riba yako inapimwaje. Tangu Septemba 2025, mikopo mipya ya riba inayobadilika hufuata kigezo kiitwacho KESONIA, kisha benki huongeza kiasi kulingana na hatari inayoiona kwako. Kigezo ni kimoja, nyongeza ni yako binafsi. Lazimisha wakuonyeshe zote mbili kwa maandishi, na ada zote. Wenye mikopo ya zamani ya aina hiyo nao waulize, kwa sababu benki zilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuihamisha.

Tatu, usichanganye mkopo wa benki na wa simu. Ukitozwa Sh8 kwa kila Sh100 kwa mwezi na unazungusha kila mwezi, hiyo ni Sh96 kwa mwaka. CBK ikishusha riba hata mara ishirini, huo mkopo hausikii.

Na wanasiasa watakapokuja Gusii Stadium kutuomba kura, tuwaulize swali moja: bei ya jani la chai itatoka wapi? Riba nafuu ni nzuri, lakini duka huendeshwa na wateja.