Umeme Uliotuama
Vijana wetu hutuuliza: mbona chanuo la plastiki, lipitapo katika nywele kavu, huvuta vipande vya karatasi? Huo ni umeme uliotuama, haupiti, hukaa. Mwaka 1746, huko Leiden, Uholanzi, Pieter van Musschenbroek aliukusanya katika chupa ya maji. Ukampiga hata akaandika kuwa hangerudia jaribio lile, japo apewe ufalme wa Ufaransa. Kapasita ya leo ni mrithi wa chupa ile: mabamba mawili ya metali, katikati kizuizi kisichopitisha umeme. Bamba moja hupata chaji chanya, la pili chaji hasi. Zavutana wala hazifikiani. Basi, enyi wazazi, kapasita iliyomo katika tanuri ya maikrowevu yaweza kuua hata tanuri ikiisha kuchomolewa. Mtoto asiifungue, ipelekwe kwa fundi.