Hadithi ya Fanta Isikatwe Nusu

Kwetu Rwanda mgeni akifika nyumbani humuulizi kama anakunywa soda. Unamuuliza kama anakunywa Fanta. Akikubali, unamuuliza tena, Fanta gani? Naye anaweza kujibu bila kucheka, "Fanta Coca." Mwalimu wetu wa Kiswahili hulikata neno hilo kwa kalamu nyekundu kila analoliona katika insha, na juu yake huandika "soda". Sibishani naye. Nabishana nasi wanafunzi. Kinywaji tulichokipa heshima ya kuwa jina la vinywaji vyote tunakisimulia vibaya, tena kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni ile inayozunguka kwenye simu zetu: Fanta ni kinywaji cha Hitler, Wanazi ndio waliokibuni. Namna ya pili ni ya wapenda biashara: hapo zamani palikuwa na meneja aliyeishiwa malighafi, akatumia akili, akabuni kinywaji kipya, akafaulu, nasi tuige ubunifu wake. Ya kwanza husimuliwa ili watu washtuke, ya pili ili watu wapige makofi. Nasema zote mbili zimekatwa nusu, na nusu iliyotupwa ndiyo tunayoihitaji.

Tuanze na mambo yenyewe. Kampuni ya Coca-Cola ya Ujerumani ilikuwa na makao yake katika mji wa Essen, na tangu 1938 iliongozwa na Mjerumani aitwaye Max Keith. Vita vilipoanza 1939, njia za kuingizia bidhaa kutoka nje zilizibwa, na maji mazito ya kutengenezea Coca-Cola yakawa adimu. Keith hakutaka viwanda vyake vifungwe. Mwaka 1940 watu wake wakatengeneza kinywaji kingine kwa kile kilichopatikana: maji yanayobaki maziwa yakishafanywa jibini, na makapi ya matufaha yaliyokwisha kukamuliwa. Ladha ilibadilika kufuatana na mabaki ya msimu. Alipowaita wafanyakazi wake watafute jina, aliwaambia waachie fikra zao ziruke, na kwa Kijerumani neno la fikra za namna hiyo ni *Fantasie*. Muuzaji mmoja, Joe Knipp, akalidaka neno na kulikata: Fanta.

Basi Hitler hakuibuni Fanta, na Keith mwenyewe hakuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Anayesambaza habari hiyo anasambaza uongo, hata kama nia yake ni njema.

Lakini msipige makofi bado. Mwaka 1943 Fanta iliuzwa kiasi cha kreti milioni 3. Sukari ilikuwa ya mgao, na watu wengine waliinunua ili waitie kwenye supu na mchuzi wapate utamu kidogo. Wakati huohuo, jeshi la Ujerumani lilipozikalia nchi za jirani, Keith alipata mamlaka ya kusimamia biashara ya Coca-Cola katika nchi hizo pia. Mipaka ya biashara yake ilipanuka kwa kufuata mipaka ya jeshi. Na upande wa pili wa vita, kampuni mama huko Marekani ilikuwa ikiwapelekea askari wa Marekani Coca-Cola kwa senti 5 chupa, popote walipopigana. Askari wa upande mmoja na raia wa upande wa pili walikata kiu kwa jamaa mmoja. Vita vilipokwisha, Keith aliikabidhi kampuni mama viwanda na faida yake. Fanta ya machungwa tunayoijua leo ilizaliwa baadaye, Napoli, Italia, mwaka 1955, kwa machungwa ya huko. Ya kwanza haikuwa Fanta ya machungwa.

Sasa nikiri kosa langu. Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu, nilikuwa miongoni mwa vijana wa kugawa vinywaji. Nilipokuwa nikifungua chupa kwenye meza ya wazee, nikajitia msomi, nikawaeleza hadithi ya Keith kama nilivyoizoea: uhaba, akili, ushindi. Wazee wakacheka kwa adabu. Mmoja hakucheka. Alishika chupa yake ya Fanta Citron akaniuliza, "Mwanangu, huyo bwana akifunga ofisi jioni, alipita njia gani kwenda nyumbani?"

Sikujua la kumjibu. Nilidhani haelewi hadithi. Nilipofika chuoni nikafungua vitabu, nikagundua kwamba asiyeielewa hadithi nilikuwa mimi.

Essen si mji wowote tu. Sinagogi kubwa la mji huo lilichomwa moto usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, mwaka uleule Keith alioshika uongozi. Jengo lenyewe bado limesimama mpaka leo. Essen ndiyo makao ya Krupp, kampuni ya vyuma na silaha ambayo wakati wa vita ilitumia maelfu ya watu waliolazimishwa kufanya kazi, na baada ya vita wakubwa wake wakashtakiwa mjini Nuremberg. Wayahudi wa mji huo walipakiwa kwenye garimoshi wakapelekwa wasikorudi. Njia yoyote ambayo meneja angeipita jioni ilikuwa na jambo la kuona. Mzee hakuniuliza kama Keith alikuwa muuaji. Aliniuliza kama alikuwa na macho.

Hapa ndipo ninapogombana na hadithi zote mbili. Anayesema "Hitler ndiye aliyeibuni" anaupeleka uovu wote kwa mtu mmoja mwenye masharubu, kisha sisi wengine tunabaki safi. Anayesema "tazameni ubunifu" anayaondoa masinagogi, magarimoshi na majeshi, anabakiza mtu mmoja na chupa zake. Wote wawili wanatunyima sura ile ile: mtu wa kawaida, hodari wa kazi, asiyemchukia yeyote kwa sauti, aliyehakikisha kiwanda hakisimami huku mambo yale yakitendeka nje ya dirisha.

Mwaka 2015 Fanta ilipotimiza miaka 75, tangazo moja la Ujerumani liliueleza uhaba wa miaka ile bila kuvitaja vita, kisha likasifu raha ya enzi nzuri za kale. Watu wakalalamika, tangazo likaondolewa. Sidhani walioliandika walikuwa watu wabaya. Walikuwa wameizoea hadithi iliyokatwa, kama nilivyoizoea mimi pale harusini.

Najua nitajibiwa: bwana, hii ni soda tu, utatuharibia harusi. Sikatazi mtu kunywa. Mimi mwenyewe nainywa, na kinywaji hakina dhambi ya kurithi. Wengine watasema tumwonee huruma Keith, alikuwa na wafanyakazi na familia zao wa kulisha. Ni kweli, na sijui kama mimi ningefanya vizuri kuliko yeye. Ndiyo maana sitaki afanywe shetani wala shujaa. Nataka aachwe alivyokuwa, ili tujiulize maswali yetu mbele yake.

Na maswali hayo, wenzangu, si mageni kwetu. Silinganishi chupa na makaburi. Lakini sisi tuliozaliwa baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 hukaa kila Aprili tukisikiliza ushuhuda, na tumejifunza kwamba mauaji hayakufanywa na viongozi peke yao. Kuna aliyeandika orodha ya majina. Kuna aliyejaza mafuta kwenye lori. Kuna aliyefungua duka lake asubuhi kama kawaida na kufunga jioni kama kawaida. Tunajua kuuliza walipita njia gani kwenda nyumbani. Kwa nini tukifika kwenye habari za wengine, hasa zikiwa na picha nzuri na utamu ndani yake, tunalisahau swali hilo?

Sisi ni wanafunzi wa lugha. Kazi yetu ni kusimulia, na kukata ni sehemu ya kusimulia, kama Knipp alivyolikata neno akapata jina. Ila kuna kipande ambacho kikikatwa, kinachobaki ni tangazo. Mwalimu akilikata neno "Fanta" katika insha hii, nitakubali niandike "soda". Asilikate swali la yule mzee. Bado nadaiwa jibu, na Desemba kuna harusi nyingine.